Platini ndogo ya biro (ofisi), Lubumbashi: anza na kuran (umeme), muziki utafuata

Kabla ya kuuliza kama platini, mashine ya kupigia diski, inalia vizuri, igeuze usome kibandiko cha nyuma. Ukiona 220–240V na 50Hz, endelea na mazungumzo ya bei. Ukiona 120V na 60Hz, mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, na muuzaji anayekuambia, “Papa, weka tu transfo, itaenda,” anakupa nusu ya ukweli. Transfo hushusha volti kutoka 220 hadi 110, lakini masafa ya kuran, zile 50Hz au 60Hz, haiyagusi. Kama mota ni ile ya zamani inayofuata masafa, mwendo wake hautegemei volti hata kidogo: 50 ukigawanya kwa 60 unapata 0.83, kwa hiyo diski inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka mara 27 na kitu. Wimbo unashuka zaidi ya nusu-toni tatu. Mwimbaji mwenye sauti ya kengele anakuwa mzee aliyeamka na mafua, na gitaa linaburuta miguu.

Hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, kwa sababu halina dawa rahisi. Makosa mengine yote ya chumba kidogo cha kazi hurekebishwa kwa bisibisi, kipande cha kandambili au kusogeza kitu sentimita thelathini.

Kwa biro yenye meza moja au mbili, tunashauri platini yenye mota ya DC, yaani ya umeme kama wa betri, inayokula volti 12 kutoka kwenye chaja ya ukutani. Chaja za kisasa za aina hiyo nyingi hupokea chochote kati ya volti 100 na 240, 50Hz au 60Hz, na mota yenyewe haijui kama umeme umetoka bwawani, kwenye jenereta au kwenye betri. Soma chaja, usiamini sanduku. Mfano unaojulikana zaidi ni Audio-Technica AT-LP60X: upana wa sentimita 36 hivi, kina 37, kimo karibu 10 na kifuniko chake, uzito kilo 2.6. Inavutwa kwa mkanda wa mpira, ina preampli (kikuza-ishara cha diski) ndani, na ina jambo moja ambalo wapenda sauti wakubwa hulidharau lakini biro hulihitaji mno: mkono unajiweka wenyewe mwanzo wa diski na kujirudisha mwisho wake. Bosi akikuita ghorofa ya juu ukachelewa saa nzima, sindano haitabaki ikikwaruza mfereji wa mwisho.

Ina mipaka yake. Kichwa chake, kile kinachobeba sindano, hakibadilishwi, ni sindano tu inayochomoka. Uzito wa sindano umewekwa kiwandani na huwezi kuugusa. Mwendo ni 33 na 45 peke yake. Mwenye ndoto ya kubadilisha vichwa kila mwaka atafute platini yenye uzito wa kurekebisha nyuma ya mkono. Mwenye kutaka muziki wakati anapanga faktura (ankara) ameshapata kilichomtosha.

Masanduku yenye mpini, yale yanayofunguka kama begi na bafle (spika) mbili ndogo ndani yake, tunayakataa bila kusitasita. Yanavutia machoni, ndiyo. Lakini mengi yana kichwa cha seramiki kinachokandamiza diski kwa gramu tano au sita, karibu mara mbili ya kichwa cha kawaida cha sumaku, na bafle zimefungwa kwenye sanduku lile lile linalobeba sindano. Ukiongeza sauti, sanduku linatikisika, sindano inasoma mtikisiko, bafle zinaurudia. Platini kubwa za Ulaya za miaka ya 1970, kama Dual na Lenco zinazoshuka na kontena, ni hadithi nyingine: ni za 50Hz, ni imara, lakini ni nzito, na mkanda au gurudumu la mpira huwa limekauka. Kama una fundi unayemwamini, chukua. Ila haziingii kwenye meza ndogo.

Kuhusu fedha, gawanya mfuko wako hivi: nusu kwa platini, theluthi kwa bafle, na inayobaki, ambayo lazima ibaki, kwa ulinzi wa kuran, nyaya, sindano ya akiba na vitu vya kusafishia. Watu humaliza zote kwenye mashine, kisha wanachomeka kwenye ralonji (waya wa kurefusha umeme) ya bei ya mkate.

Kuran

Tuseme wazi: platini na bafle za biro hazili umeme mwingi. Platini ya DC hutumia wati mbili hivi. Jozi ya bafle zenye ampli (kikuza sauti) ndani, kwa sauti ya kazini, haizidi wati ishirini na kitu. Tatizo ni ubora wa umeme. Jioni volti zinashuka hadi taa zinakuwa za rangi ya chungwa. Baada ya deletaji (mgao wa umeme) kuran inarudi kwa kishindo, na dakika ya kwanza ndiyo inayoua vifaa. Kifaa kile kile kinachouzwa kwa kulinda friji, kinachokata volti zikizidi au zikipungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite tena, kinafaa kabisa hapa. Stabilaiza pia inasaidia, ila zile za rilei hupiga “tak” kila zinapobadilisha hatua, na wakati mwingine mlio huo unasikika kwenye bafle. Iweke mbali na platini, chini ya meza, upande wa pili.

Kama biro ina betri na inveta, uliza inveta ni ya aina gani. Inayotoa mawimbi laini haina shida. Ile ya bei nafuu, ya mawimbi ya ngazi-ngazi, hutia mngurumo mkavu kwenye bafle usiotoka hata ufanye nini, na hupasha moto transfo za ndani. Hesabu ya betri ni rahisi: volti 12 kwa ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, betri ya risasi usiimalize, tumia nusu, yaani 600, toa kinachopotea kwenye inveta, ukila wati 25 unapata saa ishirini hivi. Siku mbili za kazi na zaidi. Kompyuta ndiyo itakayoikausha.

Wapo wanaotaka kuruka inveta na kuunga platini ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri. Inawezekana, lakini si kwa waya mtupu. Betri inayochajiwa na sola hufika volti 14.4, si 12. Weka kidhibiti kidogo kinachotoa volti 12 kamili, na hakikisha chanya iko katikati ya kichomeo kama mchoro wa kwenye chaja unavyoonyesha. Ukiigeuza, hakuna atakayekuonya.

Na vichomeo. Kitu kilichotoka Afrika Kusini huja na miguu mitatu minene ya duara, cha Zambia kina miguu mitatu ya mstatili, na prizi zetu ni za matundu mawili ya duara. Adapta za sokoni huunganisha miguu miwili na kuuacha ule wa ardhi. Kwa chaja ya platini si neno, haina ardhi tangu mwanzo. Kwa ampli yenye mguu wa ardhi, ni heri fundi akate kichomeo na kufunga kingine cha prizi yenye ardhi ya kweli, kama jengo linayo.

Meza

Platini ni kifaa cha kusikia mitikisiko midogo. Sindano inasoma mfereji mwembamba kuliko unywele. Kwake, ngumi ya mhasibu anayegonga muhuri ni tetemeko. Kwa hiyo mahali pa kwanza watu wanapoiweka, kwenye kona ya meza ya kazi karibu na kinanda cha kompyuta, ndipo pabaya kuliko pote.

Jaribio ni hili. Weka diski usiyoipenda sana, teremsha sindano juu yake bila kuzungusha mota, kisha ongeza sauti hadi kiwango unachosikilizia, na zaidi kidogo. Gonga meza kwa kidole kimoja. Ukisikia “dup” fupi linalokufa, uko salama. Ukisikia “duuum” linaloendelea, au bafle zikaanza kulia zenyewe kwa sauti nzito inayokua, sauti inarudi kwenye sindano. Punguza haraka, kabla koni za bafle hazijaumia.

Dawa ya kwanza haina gharama: bafle na platini zisikae juu ya ubao mmoja. Bafle zibaki mezani, platini iende kwenye rafu ya ukuta, kama ukuta ni wa matofali. Ukuta wa mbao nyembamba uliogawanya vyumba unatikisika kila mlango unapofungwa, huo uache. Kama rafu haiwezekani, nenda kwa wanaokata granit na marmo za makaburi na jikoni, omba kipande cha mabaki cha sentimita 40 kwa 40. Kisha chukua kandambili nene ya zamani, kata vipande vinne vya sentimita nne kwa nne, uviweke chini ya kila pembe ya jiwe. Uzito wa jiwe unakataa kutikisika na ulaini wa mpira unakula kinachopanda kutoka mezani. Usitumie godoro zima la sponji: platini itayumba kama mtumbwi, na mkono utaruka ukipita karibu.

Halafu weka usawa. Kipimo cha maji cha fundi mwashi kinatosha, au kile cha kwenye simu kama simu yenyewe haina kava lenye kivimbe. Pima juu ya sahani ya platini, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja mara nyingi inamaliza kazi.

Bafle: kwa biro, jozi ndogo zenye ampli ndani ni bora kuliko ampli na bafle mbali mbali, kwa sababu tu unaokoa nafasi na nyaya. Edifier R1280T ni mfano mmoja, wati 42 kwa jumla, koni ya inchi nne, na viingilio viwili vya RCA (vya waya wa sauti), kimoja cha platini, kingine cha kompyuta. Ziache mita moja hivi kati yao, kichwa chako kiwe ncha ya tatu ya pembetatu, na vile vispika vidogo vya sauti nyembamba vielekee masikioni, si kifuani. Meza ikiwa chini, inua mbele ya bafle kwa kipande cha mbao. Usizisukume hadi ukutani. Besi itavimba, na jirani wa chumba cha pili atasikia besi hiyo tu, bila wimbo, jambo linaloudhi kuliko kelele kamili.

Katika jozi za aina hii bafle moja ndiyo inayobeba ampli na transfo. Hiyo iwe mbali na mkono wa platini, nusu mita angalau. Sababu yake utaiona hapo chini.

Kufunga

Sanduku likifunguliwa, jambo la kwanza ni mkanda, kwa sababu mara nyingi huja ukiwa umelazwa kwenye sahani, haujafika kwenye mota. Kwenye platini kama LP60X, sahani ina dirisha mbili. Iweke juu ya msumari wa kati, izungushe mpaka dirisha moja lionyeshe gurudumu dogo la shaba la mota. Mkanda umefungwa utepe mwembamba wa kuvutia. Shika utepe, vuta mkanda hadi uzunguke gurudumu, kisha uchomoe utepe. Zungusha sahani kwa kidole mara kumi, polepole, kwa mwelekeo wa saa. Mizunguko hiyo ina kazi mbili: inanyoosha mkanda uliojisokota, na inarudisha gia za mkono wa kujiendesha mahali pake baada ya safari. Anayeiruka hatua hii ndiye anayepiga simu kusema mkono unashuka katikati ya diski.

Vidole viwe vikavu. Mafuta ya mkono kwenye mkanda husababisha kuteleza, na kuteleza kunasikika kama wimbo unaoyumba. Ukiwa umeshaugusa, ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, pamoja na gurudumu la shaba.

Kisha ondoa kamba inayofunga mkono na kifuniko cha plastiki cha sindano. Kivute mbele, usikivute chini.

Sasa swichi ndogo ya nyuma, ambayo watu hawaioni na ndiyo inayoleta malalamiko mengi kuliko sindano mbovu. Upande mmoja imeandikwa PHONO, wa pili LINE. Kichwa cha sumaku hutoa milivolti tatu hadi tano tu, na zaidi ya hapo diski zenyewe zilikatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imezidishwa, kwa kanuni iitwayo RIAA iliyokubaliwa mwaka 1954. Besi ikiachwa na ukubwa wake, mifereji ingelazimika kuwa mipana na diski isingebeba dakika ishirini kwa upande. Preampli ndiyo inayokuza ishara hiyo karibu mara mia na kurudisha besi mahali pake. Lazima iwepo moja, wala zisiwe mbili.

Bafle zenye ampli hazina preampli ya diski, kwa hiyo swichi iwe LINE. Ampli ya zamani yenye tundu la PHONO ina preampli yake, kwa hiyo swichi iwe PHONO na waya uingie tundu hilo hilo. Kama sauti ni ndogo sana, kavu, haina besi, kama redio ndani ya kopo, hakuna preampli hata moja. Kama sauti ni kubwa mno, imepasuka, imejaa besi ya matope hata ukiweka chini, ziko mbili. Hakuna haja ya kumwita mtu.

Waya wa RCA kati ya platini na bafle, ukiwa umechagua LINE, unaweza kufika mita tano bila tatizo. Ukiwa PHONO, usizidi mita moja na nusu. Ishara ni dhaifu, na waya mrefu huimeza sauti nyembamba na kukaribisha mngurumo. Nyekundu ni kulia.

Kwa platini zenye uzito wa nyuma, kazi inaongezeka kidogo. Weka kizuia-kuvutwa, kile kinachozuia mkono usivutwe katikati ya diski, kwenye sifuri, zungusha uzito hadi mkono uelee sawa na meza kama mizani, zungusha pete ya namba peke yake hadi 0, kisha zungusha vyote pamoja hadi gramu zinazotajwa na kichwa. Kichwa cha AT-VM95E, kwa mfano, kinataka gramu 2.0, na isitoke nje ya 1.8 na 2.2. Pete hizo zinadanganya. Mizani ndogo ya sonara inayopima hadi gramu 0.01 haidanganyi, mradi sindano itue kwenye kimo kile kile cha diski. Kubandika sarafu juu ya kichwa ili sindano isiruke ni kuchimba diski kwa jembe. Lakini pia uzito mdogo mno si huruma: sindano inadunda ndani ya mfereji na kupasua kingo.

Kupima mwendo hakuhitaji kifaa chochote. Bandika kipande cha skochi (utepe wa gundi) ya rangi pembeni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko mia moja. Kwa 33 na theluthi ni dakika tatu kamili. Ukipata dakika tatu na sekunde moja, usijisumbue. Ukipata sekunde sita zaidi, mkanda umelegea au una mafuta, au volti hazitoshi. Baadhi ya mota za DC zina tundu dogo chini lenye skurubu ya kurekebishia. Zungusha kidogo kama unakoroga dawa, kisha hesabu upya.

Na mngurumo? Ukiwepo hata mkono ukiwa umepumzika, na haubadiliki, tafuta ardhi: platini nyingi zenye PHONO zina waya mwembamba wa ziada unaofungwa kwenye skurubu ya ampli. Ukiongezeka kadiri mkono unavyosogea katikati ya diski, kuna transfo karibu, na hapo ndipo bafle yenye ampli inapohukumiwa. Isogeze. Ukisikia “trrr-ti-ti, trrr-ti-ti” inayokuja na kwenda, ni simu ya mtu iliyolazwa karibu na waya, inasaka mtandao.

Vumbi

Kuanzia Mei hadi Septemba, Lubumbashi haioni mvua, na barabara za udongo zinapanda hewani. Vumbi letu jekundu ni laini, linapita chini ya mlango, na hewa kavu hulifanya ling'ang'anie diski kwa umeme wa msuguano. Likikaa kwenye mfereji, sindano inalisukuma mbele kama katapila, na kinachosikika kama mapasuko si vumbi tena, ni makovu. Kifuniko cha platini kikae kimefungwa wakati diski inazunguka, hata kama picha za mtandaoni zinaonyesha kikiwa wazi. Dirisha la nyuma ya platini lifungwe. Afutaye biro asubuhi aombwe, kwa adabu, asipitishe kitambaa juu ya mkono: “Mama, hapo uniachie, nitapafuta mwenyewe.”

Brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande: iguse diski inayozunguka, mizunguko miwili, kisha ivute taratibu kutoka katikati kwenda nje. Sindano hufutwa kutoka nyuma kwenda mbele tu, kamwe si pembeni, kamwe si kwa kidole.

Diski iliyonunuliwa kwa mtu, iliyolala miaka ndani ya sanduku la bati, haiwekwi kwenye platini kabla ya kuoshwa. Tumia lita moja ya maji ya betri, matone matatu ya sabuni ya vyombo na vitambaa viwili laini vya kufutia magari. Hapa angalizo kubwa: kwenye maduka ya vipuri maji ya betri na asidi ya betri huuzwa kwa chupa zinazofanana. Soma, uliza. Maji ya bomba yanaacha chokaa ndani ya mfereji, ndiyo maana hayafai kusuuzia. Lowesha kitambaa, fuata mzunguko wa mfereji, usikate njia, usiloweshe karatasi ya katikati. Suuza kwa kitambaa cha pili na maji bila sabuni, simamisha diski nusu saa ikauke.

Spiriti kidogo kwenye maji haiwadhuru 33 wala 45. Lakini diski za 78, zile nzito zinazovunjika kama sahani, zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha shelaki. Nyumba nyingi za Katanga bado zina chache. Muziki wa gitaa wa huku, ukiwemo wa Mwenda Jean Bosco aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, ulitoka kwa mara ya kwanza kwa umbo hilo. Usizipige kwa sindano ya kawaida hata kama platini yako ina mwendo wa 78. Mfereji wake ni mpana; unahitaji sindano yenye ncha ya maikroni 70 hivi, ilhali ya 33 ni 18 tu. Sindano nyembamba inateleza chini kabisa, panapokaa uchafu, na inasoma kelele badala ya gitaa.

Za 45 za miaka ya 1970, pamoja na zile zilizobanwa na kiwanda cha diski cha MAZADIS Kinshasa, zina tundu kubwa la milimita 38. Tafuta kile kiduara cha katikati kabla hujarudi nyumbani, maana kwa macho tu huwezi kuiweka katikati, na isipokuwa katikati wimbo unalia kama mlevi. Kwa biro, hata hivyo, 45 ni anasa ya Ijumaa mchana. Wimbo umekatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, na sebene, sehemu ya kucheza, imekaa upande B. Utainuka kila dakika nne au tano, na ripoti haitaandikika.

Diski zisimame wima, zisilazwe moja juu ya nyingine. Mia moja zenye makasha hufika kilo 25, kwa hiyo usizipachike kwenye rafu ya mafaili ya mbao laini. Na usiziache ndani ya gari Oktoba, hata kwa saa moja ya kula. Plastiki ya diski huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani linafika huko.

Sindano ya duara kama ile ya LP60X hudumu saa 400 hivi. Ukisikiliza saa mbili kwa siku, siku tano kwa juma, ni majuma arobaini. Dalili za kuchoka huanzia mwisho wa kila upande, karibu na katikati ya diski: herufi “s” zinakuwa “sh”, matoazi yanakuwa mchanga uliomwagwa juu ya bati. Usingoje hadi uisikie mwanzo wa diski. Siku unapoweka sindano mpya, andika tarehe kwenye kipande cha skochi, ukibandike chini ya platini, karibu na kile kibandiko cha volti.